Buluu ng'ambo ya uvimbe: kisa cha mwale wa kaboni unaovunjika njiani

Familia moja ya Umoja, Nairobi, ilikuwa imechanga sehemu kubwa ya nauli na ada za hospitali ili mama yao aende Japani kutibiwa kwa mionzi ya kaboni. Halafu ikaja picha moja, na michango ikasimama.

Picha ilitumwa na hospitali ya huko ikiwa sehemu ya mpango wa matibabu. Inaonyesha mkato wa mwili kwenye nyonga, mgonjwa akiwa amelala kifudifudi, na juu yake zimepakwa rangi za dozi: nyekundu mahali ambapo mionzi ni mingi, njano na kijani pembeni, buluu mahali ambapo ni kidogo. Nyekundu ilikaa barabara juu ya uvimbe. Lakini ng'ambo ya uvimbe, upande wa tumbo, ambako mwale ulioingilia mgongoni ulipaswa kuwa umekwisha, palikuwa na buluu hafifu iliyokata sehemu ya mwisho ya utumbo mpana na kuendelea mbele. Kijitabu cha wakala aliyewaunganisha na hospitali kilikuwa kimeahidi kwamba mwale wa kaboni husimama kwenye uvimbe na hakuna kinachopita. Mjomba wa familia, fundi mitambo mstaafu ambaye ndiye mweka hazina wa harambee, akaandika kwenye kundi la WhatsApp: "Wanaotuambia unasimama na wanaotuonyesha unapita ni walewale. Mimi sitoi pesa za watu mpaka nielezwe."

Kijana wa mama huyo aliniletea picha kwa sababu kazi yangu ni fizikia ya tiba. Familia imekubali niandike kisa hiki bila majina. Niseme mapema ninavyoona: hospitali haikukosea kuchora ile buluu, na mjomba alikuwa na haki ya kuuliza. Kosa liko kwenye ile ahadi kwamba hakuna kinachopita, na ni ahadi ninayoikuta mara kwa mara kwenye karatasi wanazopewa wagonjwa wetu kabla ya kusafiri.

Mama ana kordoma ya sakramu, yaani uvimbe unaoota kwenye ule mfupa mpana ulio mwisho wa uti wa mgongo, katikati ya nyonga. Ni saratani adimu, takriban mtu mmoja kwa kila watu milioni kwa mwaka. Hukua polepole, na mgonjwa anaweza kukaa muda mrefu akidhani ni maumivu ya kawaida ya mgongo. Daktari mpasuaji anaweza kuukata, lakini mishipa ya fahamu inayotawala kibofu na haja kubwa hupita palepale. Uvimbe huu huhitaji dozi kubwa sana ya mionzi, na eksirei za mashine zetu za kawaida hazina mahali zinaposimama: zikishaingia mwilini, dozi yake hupungua kwa takriban asilimia 4 tu kwa kila sentimita, kisha zinazobaki hutokea upande wa pili. Kuupa uvimbe dozi inayotosha bila kuunguza utumbo ulio mbele yake inakuwa kazi ngumu. Ndiyo sababu madaktari wake hapa Nairobi walitaja kaboni.

Kijitabu kilisema kweli kuhusu jambo moja. Chembe yenye chaji, iwe protoni au kiini cha atomu ya kaboni, hupunguza mwendo kwa kuzivuta elektroni za mwili inakopita. Kadiri mwendo unavyopungua, ndivyo inavyokaa muda mrefu zaidi karibu na kila elektroni na kuachia nishati nyingi zaidi. Kwa hiyo dozi huwa ndogo kwenye ngozi, hupanda polepole, kisha hufura ghafla kwenye milimita za mwisho kabla chembe haijasimama. William Henry Bragg aliliona jambo hili kwa chembe za alfa mwanzoni mwa karne iliyopita, na kilele hicho hubeba jina lake hadi leo. Ukipanga nishati vizuri, unakiweka kilele ndani ya uvimbe. Huko Chiba, Japani, wagonjwa wametibiwa kwa kaboni tangu 1994. Ujerumani ilianza Darmstadt mwaka 1997 na baadaye ikafungua kituo Heidelberg. Italia, Austria na Uchina nazo zina vituo vyao. Barani kwetu hakuna hata kimoja, na ndiyo maana ya harambee.

Kijitabu kilichoacha ni habari ya viini. Hadithi ya elektroni inachukulia kwamba kiini cha kaboni kinasafiri kikiwa kizima tangu mgongoni hadi kwenye uvimbe. Lakini mwili umejaa viini vya oksijeni, kaboni na haidrojeni, na mara kwa mara kiini kinachosafiri hugonga kimojawapo.

Mara ngapi? Ukingo wa mbali wa uvimbe wa mama uko kama sentimita 16 kutoka ngozi ya mgongo. Ili kufika hapo, kila kiini cha kaboni kinahitaji nishati ya karibu MeV 290 (MeV ni kipimo cha nishati ya chembe) kwa kila nukleoni, yaani kwa kila protoni na kila nyutroni iliyomo. Huo ni mwendo wa takriban asilimia 65 ya mwendo wa mwanga. Vipimo vilivyofanywa kwenye maji vinaonyesha kwamba kwa MeV 200, ambapo masafa, yaani umbali ambao mwale hufika, ni kama sentimita 8.6, karibu asilimia 70 ya viini hufika kwenye kilele vikiwa vizima. Kwa MeV 400, masafa ya kama sentimita 27.5, ni asilimia 30 tu. Mama yuko katikati. Nilipopiga hesabu kwa kina chake nilipata kwamba karibu nusu ya viini vya kaboni vitakuwa vimevunjika kabla ya kufika. Nilimwambia mjomba jambo hili kwa simu, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Nusu? Na kijitabu hakikusema hata kidogo?" Hakikusema.

Mgongano wenyewe ni mfupi kupita tunavyoweza kuwazia. Kiini cha kaboni kina upana wa kama sehemu tano kati ya trilioni za milimita, na kwa mwendo ule hukipita kiini cha oksijeni kwa muda wa sekunde 10⁻²³ hivi. Mara nyingi havigongani uso kwa uso. Vinakwaruzana kama matatu mbili zinazopishana kwa kasi kwenye barabara nyembamba: vioo vya pembeni vinang'oka, lakini sehemu kubwa ya gari inaendelea na safari kwa mwendo uleule. Nukleoni zilizokuwa kwenye eneo la kukwaruzana huitwa washiriki, na zilizobaki pembeni huitwa watazamaji. Washiriki hutupwa huku na huku. Watazamaji hubaki pamoja wakiwa na joto la ziada, na kiini hicho kilichojeruhiwa hupoa kwa kutema nyutroni, protoni au vipande vya heliamu, au hupasuka vipande kadhaa kwa mara moja. Robert Serber alieleza hatua hizi mbili, kugonga kisha kupoa, mwaka 1947, na picha hiyo ingali msingi wa programu za hesabu tunazotumia.

Kaboni ina tabia yake hapa. Kung'oa protoni moja kutoka kaboni-12, yaani kaboni ya kawaida yenye nukleoni 12, kunahitaji karibu MeV 16, na nyutroni karibu MeV 19, ila kukigawa kiini kizima kuwa heliamu tatu kunahitaji MeV 7.3 tu. Kwa hiyo kiini kikitikiswa, njia rahisi ya kuvunjika ni kutoa heliamu. Heliamu na haidrojeni ndizo zinazojaa katika vipande, zikifuatwa na boroni, beriliamu na lithiamu kwa idadi ndogo. (Mvunjiko wa aina hiihii, unaofanywa na miale ya anga inapogonga gesi iliyo kati ya nyota, ndio ulioupa ulimwengu karibu beriliamu yake yote na sehemu kubwa ya boroni. Kila nikikumbuka hilo, naona kwamba kinachotokea kwenye nyonga ya mama mmoja wa Umoja si jambo geni katika maumbile.)

Sasa inakuja sehemu iliyomridhisha mjomba, kwa kuwa ni ya kifundi. Miaka ya 1970 watafiti wa Berkeley, Marekani, walivunja viini vya kaboni na oksijeni na kupima mwendo wa vipande vyake. Waligundua kwamba vipande vya kiini kilichorushwa huendelea mbele kwa mwendo ulio karibu sawa na wa kiini mama. Tofauti ndogo iliyobaki, Alfred Goldhaber alionyesha mwaka 1974, inatoka kwenye mtikisiko wa nukleoni ndani ya kiini hata kabla ya mgongano. Basi heliamu inayozaliwa kwenye mwale wa mama hutoka na mwendo wa kaboni, kwenye mwelekeo wa kaboni, ikiwa imepinda digrii chache tu.

Lakini breki zake si za kaboni. Nguvu inayokizuia kiini hutegemea chaji yake ikizidishwa kwa yenyewe, na ugumu wa kukisimamisha hutegemea uzito wake. Kwa mwendo uleule, masafa huenda na uzito ukigawanywa kwa chaji mara chaji. Kaboni ina uzito 12 na chaji 6: 12 kwa 36, yaani theluthi. Heliamu ina uzito 4 na chaji 2: 4 kwa 4, yaani moja kamili. Heliamu husafiri mara tatu ya umbali ambao kaboni ingebaki nao. Protoni vilevile. Boroni-11 husafiri mara 1.3 hivi, lithiamu-7 mara 2.3.

Nilimchorea kijana kwenye karatasi. Kaboni ikivunjika sentimita 2 kabla ya kilele, heliamu yake itakwenda sentimita 6, yaani itaupita ukingo wa uvimbe kwa sentimita 4. Ikivunjika karibu na ngozi, ikiwa na sentimita 16 mbele yake, heliamu ina uwezo wa kusafiri karibu sentimita 48, na itatokea upande wa pili wa mwili. Changanya vipande vya mivunjiko yote, ya mwanzoni, ya katikati na ya mwishoni, na unapata mkia mrefu unaofifia taratibu ng'ambo ya kilele. Ile buluu ndiyo mkia huo. Programu ya hospitali iliuchora kwa sababu upo, na mpango usio na mkia ndio ungenitia wasiwasi.

Kuna jambo jingine kuhusu rangi, na ni rahisi kulisoma vibaya. Namba za mpango wa kaboni si dozi tupu ya nishati. Zimezidishwa kwa kiwango cha madhara ya kibiolojia, kwa kuwa kaboni inayokaribia kusimama hukata nyuzi zote mbili za DNA mahali pamoja na seli hushindwa kujitibu, kiasi kwamba dozi yake huhesabiwa kama mara mbili au tatu ya eksirei. Vipande vya mkiani ni vyepesi na vya kasi, na madhara yake kwa kila kipimo cha nishati yanakaribiana na ya eksirei. Mkia una uzito mdogo kwa seli kuliko kaboni ileile iliyo ndani ya uvimbe. Haimaanishi ni sifuri. Utumbo hauchagui mionzi imetoka wapi.

Mjomba aliuliza kwa nini wasitumie protoni, ambayo haina vipande vya kuvunjikia. Ni swali la mtu anayefikiri, na ni kweli protoni haina mkia wa namna hii. Ila protoni nayo hutawanyika zaidi pembeni inapokwenda kina kirefu, kwa hiyo kingo zake za ubavuni si kali kama za kaboni, na haikati DNA kwa ukali uleule. Madaktari hutumia zote mbili kwa kordoma, na sioni sababu ya kuiambia familia kwamba moja imeishinda nyingine. Upande wa pili wa kipimo upo pia: Berkeley, kati ya miaka ya 1970 na 1992, walitibu wagonjwa kwa viini vizito zaidi kama neoni, na neoni huvunjika zaidi na kuacha mkia mzito zaidi. Kaboni ilichaguliwa Japani na Ujerumani ikiwa mahali pa katikati: ni nzito vya kutosha kuua seli sugu, na mkia wake unavumilika. Hata leo namba za mivunjiko hii zinaendelea kupimwa. Jaribio la FOOT, linaloongozwa kutoka Italia, lipo kwa kazi hiyo hasa.

Kwa hiyo mkia hauondoki. Lakini unajulikana unakoelekea: mbele, kwenye mstari wa mwale. Hapa ndipo nilipotaka familia ielekeze nguvu zake. Badala ya kuuliza hospitali kama mwale unasimama, waulize mwale unatoka upande gani, ng'ambo yake kuna nini, na hicho kilicho ng'ambo kimepewa kiasi gani kwa jumla ya vikao vyote. Mwale unaoingilia mgongoni huelekeza mkia kwenye utumbo. Unaoingilia ubavuni hupeleka mkia kwenye misuli na mfupa wa upande wa pili wa nyonga, vitu vinavyostahimili zaidi.

Nikiwa naandika maswali hayo na kijana, tuliikuza picha kwenye simu yake. Kwenye pembe ya chini kulia, kwa herufi ndogo mno, palikuwa na namba: 1 kati ya 3. Familia ilikuwa imepata ukurasa wa mwale mmoja tu wa mgongoni. Wakala alikuwa ametuma ukurasa wa kwanza wa faili na kuacha mingine.

Tulituma barua pepe usiku ule, na jibu lilikuja baada ya siku mbili, lenye adabu na namba zilizo wazi. Mpango wote una vikao 16 katika wiki 4. Miale miwili kati ya mitatu inaingilia ubavuni, kulia na kushoto, na ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya dozi. Ule wa mgongoni umepewa sehemu ndogo, hasa kwa sababu ya utumbo ulio ng'ambo yake. Jumla ya dozi ya utumbo, mkia ukiwemo, iko chini ya kikomo ambacho hospitali imejiwekea. Waliongeza jambo ambalo hatukuuliza: iwapo picha mpya zitakazopigwa atakapofika zitaonyesha utumbo umesogea karibu zaidi na uvimbe, watazungumza naye kuhusu upasuaji mdogo wa kuweka kitenganishi kati ya viwili hivyo kabla ya kuanza. Nilifurahi kuisoma sentensi hiyo. Ni ya watu wanaojua mkia wao uko wapi.

Kijana alifasiri barua kwa Kiswahili na kuiweka kwenye kundi, pamoja na picha zote tatu. Mjomba aliisoma, akapiga simu kuuliza maana ya kikomo na ni nani anayekiweka, kisha akafungua tena namba ya paybill.

Kuvunjika kuna faida yake, na ningependa vijitabu viitaje pia. Baadhi ya viini vya kaboni hupoteza nyutroni moja tu na kuwa kaboni-11. Chaji ni ileile, uzito umepungua kidogo, kwa hiyo husimama karibu kabisa na pale ambapo kaboni-12 ingesimama. Kaboni-11 si imara: nusu yake huoza kila baada ya dakika 20 hivi, ikitoa positroni, yaani chembe kama elektroni ila yenye chaji chanya, na positroni ikikutana na elektroni hutoa miale miwili ya gama inayokwenda pande kinyume. Kamera ya PET huinasa miale hiyo. Darmstadt, kuanzia 1997, kamera ya aina hii iliwekwa palepale kwenye kitanda cha tiba, na wataalamu wakawa wanalinganisha mahali mwale ulipoishia kweli na mahali mpango ulisema utaishia. Gesi ikihama ndani ya utumbo, au mgonjwa akikonda, tofauti inaonekana. Kwa eksirei hakuna chembe inayobaki mahali pa tiba kutoa ushahidi wa namna hiyo.

Kwa wakazi wa Nairobi PET si ngeni. Iko Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Parklands, na iko hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Dawa inayotumika hapa ina florini-18, ambayo nusu yake huoza kwa dakika 110, muda wa kutosha kuitengeneza asubuhi na kumdunga mgonjwa baadaye siku hiyo. Kwa kaboni-11 hakuna nafasi kama hiyo. Inayozaliwa ndani ya mgonjwa isipopigwa picha hapohapo, inakwisha.

Swali la mwisho lilitoka kwa mama mwenyewe, ambaye muda wote huo watu walikuwa wakizungumza juu yake. Alinipigia simu Jumapili jioni. Alikuwa amesikia neno kaboni-11 kutoka kwa mwanawe, na anasafiri na mjukuu wake wa kike ambaye atakuwa akimsaidia kuvaa na kutembea. Alitaka kujua kama jioni baada ya tiba itabidi akae mbali na msichana huyo asije akampa mionzi.

Nilimwambia hapana, mama. Mwale ukizimwa, hakuna kaboni mpya inayoingia. Oksijeni-15, ambayo nayo huzaliwa njiani, hupungua kwa nusu kila dakika 2, na baada ya dakika 20 imebaki chini ya sehemu moja ya elfu. Kaboni-11 hupungua kwa nusu kila dakika 20, na baada ya saa tatu imebaki sehemu moja ya 500 hivi ya kiasi ambacho tangu mwanzo kilikuwa kidogo. Anaweza kumkumbatia akitoka tu mlangoni.

"Basi tutalala chumba kimoja," akasema. "Wamwambie wakala afute kile cha pili, hizo ni pesa za watu."